Tundu Katikati ya Ramani

Mchwa wa Konde walianza na bahari.
Walikula maji ya kusini bila kulowa,
wakapanda nchi kavu,
na nilipofungua darasa baada ya likizo ya karafuu
Australia ilikuwa pete:
ukingo umebaki, na miji yake ya pwani,
ndani waonekana ukuta wa skuli na chokaa inayobambuka.

Sikuwa na ramani nyengine. Wizara iliahidi.
"Haya, hapa pana nini?" nikawauliza darasa la sita.
Mize akasema ziwa.
Hamadi wa Bi Zume akasema simba, tukamcheka,
sisi ambao mnyama wetu mkubwa
ni ng'ombe wa mchezo, naye hufungwa kamba.
Asaa Shaame, aliyekuwa akikaa dirishani
na shati la kakaake lililomfika magotini,
akasema: "Hapana kitu, mwalimu.
Mchwa hawali penye watu."
Nikampa alama moja kati ya tano.

Miaka kumi na tisa.
Karafuu zimezaa, zimegoma, zimezaa.
Juzi napeta mchele, simu ikalia,
sauti yake, nzito, ina upepo ndani:

"Mwalimu, nakudai alama nne.
Nimo ndani ya tundu.
Naendesha lori la matela matatu
na tangu alfajiri sijakata kona.
Pemba nzima, Kigomasha mpaka Mkoani,
nimeshaimaliza mara tisa,
mara mbili ndani ya shamba la mtu mmoja."

Wiki nzima alinitumia sauti usiku,
nikazisikiliza taa imezimwa.
Udongo mwekundu, "kama wa njia ya Makangale
kabla ya lami, ila huu hauishi."
Kangaruu kando ya barabara, waliogongwa na waliolala,
huwajui mpaka mmoja anyanyuke.
Ndege mrefu asiyeruka
akikimbia sambamba na lori kama anayedai chenji.
Na ngamia! Waliletwa kubeba mizigo,
magari yakaja, wakaachiwa waende, wakaenda.
"Sasa hawana bwana, mwalimu, wala haraka."
Na vichuguu kumshinda mtu urefu,
maelfu, vimesimama kama mahujaji:
"Mchwa wako wamehamia huku.
Ile karatasi wameijengea."

Nilicheka mpaka mume wangu akaamka
akauliza nani kafa.

Mji wa kaskazini aliona popo
juu ya duka la matairi, wakubwa,
nyuso za kitoto cha mbwa, kama wa Ngezi.
"Nikawaamkia. Wiki ya tatu hiyo
sijamwamkia mtu."

Ya mwisho ilikuwa fupi.
Kituo cha mafuta. Mama mmoja anatia dizeli,
watu wake wapo pale tangu kabla ya njia,
kabla ya nchi kupewa hilo jina.
Akamtajia kila bonde alilolipita
akidhani ni utupu,
na wapi ukifukua kwa mkono unapata maji.
Majina mengine akayaruka. Hayakuwa ya Asaa kuyajua.

"Nikaona haya, mwalimu.
Ile alama moja uliyonipa ilikuwa nyingi.

Akaniuliza kwetu wapi.
Nikachora kwa kidole, kwenye vumbi la mlango wa lori,
kisiwa chembamba, na vikisiwa vyake.
Akakitazama. Akaweka kidole chake:
na hapa katikati pana nini?
Nikasema karafuu.
Akangoja.
Nikasema karafuu tena."

Hapo sauti ikakatika.

Ramani ingali ukutani. Wizara ingali inaahidi.
Kesho nitachora Pemba ubaoni,
ukingo tu, chaki nyeupe,
niwaulize lile lile,
na atakayesema karafuu
simpi kitu
mpaka aendelee.