Figo la Sufu

Katika duka langu la kufulia, mashine kumi na mbili,
mtaa wa Tay, mji wa Invercargill,
kusini kabisa, ambako upepo hutoka kwenye barafu
na kugonga kioo kama mtu anayedai,
nimeokota mengi:
soksi zisizo na mwenzi, sarafu, vifungo,
jino la mtoto ndani ya karatasi,
na pete ya ndoa, mara moja. Mwenyewe hakuirudia.

Jumanne moja ya Julai, ndani ya namba sita,
kikaushio kingali na joto kifuani,
nikakuta haragwe kubwa jekundu
la kufumwa kwa sufu.
Nikaligeuza. Si haragwe.
Lilikuwa na mshipa mwembamba wa uzi wa buluu
na kikaratasi kilichobanwa kwa pini:

*Sijapotea. Mimi ni wako.
Aliyenifuma anaishi kwa figo la mtu asiyemjua.
Je, wa kwenu wanajua ungependa nini?*

Nikalitupa kwenye sanduku la vilivyosahauliwa.
Mimi ni mtu wa sabuni na chenji.
Nikiona sindano, hata ya kushonea,
magoti hunilegea.

Jumanne ya pili: tone la damu, kama ngumi ya kichanga,
likining'inia kwenye kitasa.
Ya tatu: moyo,
jicho moja la ufumaji limeruka, na la pili,
moyo wenye tundu la kupitisha kidole.

Ya nne nikajificha nyuma ya rafu ya sabuni,
mtu mzima, miaka hamsini na minane,
namvizia bibi wa watu.

Akaingia Averil Mackrell na koti lake la mvua,
hana hata leso ya kufua.
Mikono ilimtetemeka.
"Ni dawa," akasema, bila kugeuka,
"zinauzuia mwili usimfukuze mgeni.
Mikono ndiyo inayolipa kodi yake."

Kwa nini kwangu? nikauliza.
"Hapa watu hukaa dakika arobaini
wakitazama nguo zao zinavyozunguka.
Hawana la kufanya ila kuwaza."

Akaufunga mlango wa namba sita taratibu,
kama anayetoka chumba cha aliyelala.
"Dawa ya deni kulipa. Ila mdai wangu hana jina.
Waliniambia tu: mwanamume, miaka ishirini na tisa.
Basi nalipa popote.
Na ile damu niliyotiwa siku ile, chupa kwa chupa,
hakuna hata mmoja wao niliyewahi kula naye.
Wanaosema damu ni nzito kuliko maji,
waniambie hiyo ilikuwa nzito kiasi gani."

Sikuwa na jibu. Nikampa chenji asiyoihitaji.

Usiku, kati ya viazi na nyama ya kondoo,
nikamwambia mke wangu:
Ngaire, nikifa, wachukue kinachofaa.
Akaweka uma chini. "Hata macho?"
Hata macho.
"Macho ambayo miaka thelathini
hayajajua chumvi inakaa wapi?"
Akacheka. Kisha hakucheka.
Akainuka kwenda kufunga dirisha
lililokuwa limefungwa.

Damu nilitoa Septemba.
Nilizimia, naungama, lakini baada, si kabla.
Muuguzi alinipa biskuti mbili
na kunitazama nikizila kama mtoto.

Oktoba Averil hakuja. Jumanne mbili, tatu.
Namba sita ilizunguka na shuka za watu tu.
Sikujua nyumba yake. Sikuwa nimeuliza.

Nimenunua sindano za kufumia, za mbao,
na bunda la sufu nyekundu.
Jasho limenitoka kuliko siku ya damu.
Nilichokifuma si figo, wala si haragwe;
Ngaire anasema ni kiazi.
Nimekiweka hivyo hivyo, na kikaratasi chake,
nikaenda nyuma kuhesabu sarafu.

Ijumaa hakikuwepo.
Ama kimechukuliwa, ama kimefuliwa
pamoja na suruali za mtu.