Kumbukumbu za Kikao cha Jumanne

Tulikutana saa moja jioni, ukumbi wa kijiji,
nyanda za Saskatchewan, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
theluji imeshafika kiunoni mwa vibao vya barabara.
Waliohudhuria: saba. Wenye udhuru: wawili,
mmoja ng'ombe wake anazaa.

Ajenda: maadili na malengo
ya kumtegemeza daktari wetu wa familia
asije akatuhama kama watatu waliomtangulia.

Karatasi kutoka mjini ilikuja imeshaandikwa:
Ubora. Uwajibikaji. Ubunifu. Ushirikiano.
U, u, u, u, kama upepo kwenye maghala ya ngano,
alisema Bohdan Zaleschuk, fundi trekta mstaafu,
na upepo hapa hatujapungukiwa.
Maneno manne, akasema, na hata moja
halijui kuwasha gari lililoganda.

Verlene wa posta akasema: mimi huiona taa yake.
Saa tano usiku bado anajaza fomu.
Mchana wagonjwa thelathini na wanne,
usiku makaratasi,
na karatasi haiponi.

Hapo niliacha kuandika.
Nilikumbuka majira ya baridi ya mwisho ya mama,
daktari akivua buti mlangoni,
soksi moja ya kijani, nyingine ya kijivu,
akaketi kitandani, si kitini,
na kabla ya mapafu akauliza jina la mbwa.
Mama alicheka hadi akakohoa.
Dawa aliyoandika siku ile nimeisahau.

Mganga hajigangi.
Sawa. Basi nani amgange?

Tukafuta u zote. Tukaandika:

kwamba njia ya zahanati iondolewe theluji kabla ya saa moja asubuhi,
zamu ya Lorne, na Lorne akilala, mkewe;

kwamba fomu anayoweza kuijaza mtu mwingine,
mtu mwingine aijaze
(Verlene amejitolea Alhamisi);

kwamba aruhusiwe kuugua;

kwamba mara mojamoja tubishe hodi kwake
bila kikohozi, bila upele, na mkate wa moto tu;

kwamba Agosti aende ziwani,
na huko ziwani asiulizwe habari za goti la mtu.
Bohdan alipinga. Goti ni lake.
Alishindwa, kura sita kwa moja.

Saa mbili na nusu mlango ukalia.
Daktari Orysia Hnatiw, mwalikwa, aje kutoa maoni.
Aliketi kiti cha nyuma, glavu bado mikononi,
na tulipomgeukia kumsomea tuliyoyaandika
alikuwa amelala, kinywa wazi kidogo,
kama mtoto anayerudishwa nyumbani garini.

Azimio la sita, bila kura: asiamshwe.

Taa mbili zikazimwa.
Mwenyekiti, mtu wa kupiga mnada wa ng'ombe maisha yake yote,
akanong'ona: mengineyo?
Tukatikisa vichwa.
Lakini mlango ule unalia, wote tunaujua,
na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuugusa.

Kwa hiyo kikao hakijafungwa.
Naandika haya kwa penseli, kalamu inakwaruza.
Tumebaki sita na yeye.
Wa saba amepitia dirisha la jikoni, na goti lake,
na sasa huko nje, gizani, nasikia
injini ya gari la daktari ikikohoa,
ikikohoa tena,
ikikubali.