Chupa ya Desemba

Mwaka wa kwanza niliinunua peke yangu.
Elfu nne na mia mbili, kwa Hasmukh, Barabara ya Gusii,
rafu ya juu kabisa, asiyoifikia bila kigoda.
Akaifuta vumbi kwa kiganja
kama anayemtoa mtoto tongotongo.
"Baboni," akasema. "Wiski ya mahindi. Ya Marekani."
Nikacheka. Mimi napima unyevu wa mahindi
mwaka wa ishirini na sita huu, ghala la kando ya reli;
nauma punje nakutajia asilimia
mashine ikiwa bado inapata moto.
Nani wa kunidanganya kuhusu mahindi?

Usiku ule, Shabab, stima zimepotea,
nikamimina kidole kimoja katika glasi ya chai.
Sikunywa. Nilinusa kwanza, kazi ni kazi.
Sukari guru iliyoanza kushika chini ya sufuria.
Ngozi ya kiatu kipya. Ndizi mbivu iliyosahauliwa kabatini.
Ubao, si mvule, si mkaratusi, ubao nisioujua,
uliochomwa kwa ndani kama kibuyu cha mursik.
Kisha nyuma kabisa, kwa haya,
yakajitokeza yenyewe, mahindi.
Makavu sawasawa. Kumi na tatu na nusu, sizidishi.

Mwaka wa pili, elfu tano na mia tisa.
"Dola," akasema Hasmukh, akiitazama dari
kana kwamba dola inakaa huko.
Nikamwita Chelagat wa duka la mbolea, tukachanga nusu kwa nusu.
(Lile la kibuyu ni neno lake. Nimeliiba.)

Mwaka wa tatu, ushuru. Elfu saba na nusu.
Akaongezeka Ogeto, fundi wa mizani, asiyekunywa,
yeye hunusa tu, anasema,
na glasi yake kila mara hurudi tupu.

Mwaka wa nne ikawa stempu, ikawa meli,
ikawa vita vya watu wengine: elfu tisa na mia nane.
Na mwaka huo huo gunia likaporomoka
hata mkulima mmoja wa Moi's Bridge, ameketi juu ya mzigo wake,
akaniuliza kama mashine yangu inapima hasira pia.
Nilihesabu nyuma ya risiti yake:
chupa moja, magunia matatu na debe la juu.
Magunia matatu yapite shingo nyembamba hivi?
Nikaona aibu.
Nikainunua. Sisemi kwamba aibu ilinizuia.

Mwaka huu tuko wanane.
Nabwile wa benki kaja na bwanake, Odindo kaja na swali
kama inaweza kuongezwa soda. Tulimsamehe.
Nikapeleka mchango kwa Hasmukh, noti zimekunjwa kunjwa,
nyingine zinanuka pareto, nyingine mbolea.
Elfu kumi na nne.
Safari hii hakutaja sababu.
Alipanda kigoda, akashuka nayo polepole, magoti yakilia,
akahesabu noti, kisha akanirudishia elfu moja na mia tano.
"Nihesabuni mimi wa tisa," akasema.
"Miaka thelathini naiuza. Sijaijua ladha yake."

Tarehe ishirini na saba, ghala limefungwa,
tuko nyuma ya duka la Chelagat kati ya mifuko ya mbolea.
Kipimo ni kifuniko cha dawa ya kikohozi,
na Ogeto anasawazisha gramu kwa gramu, jicho moja kalifumba.
Rafuni zimejipanga chupa za miaka iliyopita:
Chelagat ameweka humo mbegu zake, amekaza vizibo.
Fukusi hawaingii, anasema.

Hasmukh akanywa. Akanyamaza.
Akaikodolea glasi macho kama mtu aliyepokea noti bandia.
"Elfu kumi na nne?" akanong'ona. "Hii?"
Kisha akaisogeza kwa Ogeto aongezewe.

"Na mwakani?" Nabwile akauliza.
Sote tukamgeukia.
Hasmukh akatazama dari.