Chumba cha Kuelekea Maji

Bahi imepungukiwa herufi mbili tu iwe Bahari.
Chibago mchora vibao ndiye aliyeliona pengo,
akaliziba kwa buluu iliyobaki kwenye mlango wa zahanati:
BAHARI GESTI. VYUMBA SITA. SAMAKI WAPO.
Herufi za ziada hakutudai.

Ilikuwa baada ya mvua zile za Elinino,
Mto Bubu uliposhuka bila kuuliza njia,
mbuga ikajaa, shamba letu la uwele likawa kilindi,
wakaja heroe, wekundu kama watu walioona aibu.

Nasi tukapata wageni.
Ijumaa treni ilishusha makarani wa Dodoma,
walimu, mafundi cherehani, bwana harusi wa Manyoni
na mkewe aliyeingia topeni na visigino vyake.
Shangazi Nyemo aliwakodisha matairi ya lori ya kuelea,
shilingi mia kwa saa. Akapanga bei:
chumba cha kuelekea reli, elfu moja;
cha kuelekea maji, elfu moja na mia tano.

Kitabu cha wageni ninacho mpaka leo.
Jina. Kabila. Atokako. Aendako. Sababu ya safari.
"Kupunga upepo," wameandika wengi.
Sefania wa Idara ya Ardhi: "Kuona ng'ambo ikiwa mbali."

Mwaka wa nne maji yakaanza kuondoka usiku,
hatua kumi, hatua thelathini,
kama mpangaji anayedaiwa kodi.
Kambale wakajichimbia. Heroe hawakuaga.
Treni ikawa inasimama kupakia kuku.

Ukurasa wa mwisho ni mwandiko wa shangazi,
kalamu imekandamizwa hadi imetokeza upande wa pili:
Jina: Maji.
Kabila: akapiga mstari.
Atokako: Bubu.
Aendako:
hapo hakuandika kitu.
Sahihi iko ukutani, alama ya kahawia usawa wa goti;
tumeipaka chokaa mara tatu, inarudi.

Juzi alilala mnunuzi wa mpunga.
Asubuhi akafungua dirisha: trekta, vumbi,
mbuzi wawili wamesimama juu ya tairi.
Akaja mezani na risiti yake.
"Mama, hii elfu mbili ya juu ni ya nini?"
Shangazi alikuwa anahesabu mashuka, hakuinua uso.
"Ya kuelekea," alisema.