Usiguse

Mstari wa mia mbili na kumi na mbili,
katikati ya programu ya wodi ya uzazi,
Cikuru aliacha neno moja: usiguse.
Hakuandika kwa nini.
Akahamia Kisangani,
akatuachia kikombe chenye mpini uliovunjika
na neno lake.

Miezi minane niliupita mstari ule
kama tunavyovuka Kawa juu ya ubao mmoja,
hakuna anayeuliza ubao uliwekwa na nani.

Kisha ikaja Jumanne ya mvua, mimi na usafi wangu.
Mtoto wa Panzi hujifunza kufagia tope
kabla hajajifunza kuandika jina.
Nikaona: hapa mtu anaongeza saa moja,
saa moja tu, kama chumvi ya kubahatisha.
Nikaufuta.
Majaribio yote yakapita. Kijani, kijani, kijani.
Nikashuka kununua sambaza, najipigia mluzi.

Alhamisi, mkunga Nabintu akaandika:
Haifanyi kazi.
Maneno mawili.
Nikajibu: Huku inafanya kazi.
Maneno matatu, na kiburi juu yake.
Siku nzima tukawa kama rasi za mji huu,
zinaangaliana, maji katikati.

Umeme ulipokatika nilikosa pa kujificha.
Nikapanda Kadutu kwa miguu,
matope hadi kwenye soksi,
na njiani nikaandaa hotuba: tatizo ni mtandao wenu,
tatizo ni vidole vyenu.

Nabintu hakuitaka hotuba.
Alifungua rajista ya karatasi, kalamu ya buluu,
akaweka kidole:
mtoto wa Ntakwinja, msichana, kilo tatu na robo,
saa sita na dakika ishirini usiku,
tarehe kumi na tatu.
Akanigeuzia simu yake iliyopasuka kioo:
tarehe kumi na mbili.
Pale kitandani mama mtu akacheka
huku ameshika mshono wake:
"Jana mimi nilikuwa nakula fufu nyumbani.
Huyo mliyemzalisha ni wa nani?"

Hapo ndipo nilipoisikia ile saa moja
ikianguka ndani yangu kama kifuniko cha sufuria.
Seva yetu inakaa Kinshasa.
Bukavu siku imeshazaliwa, imelia, imefungwa kanga;
Kinshasa bado ni jana, inavuta blanketi.
Na kompyuta yangu, inayoishi Bukavu kama mimi,
ilikuwa inanipa haki bila kudanganya.

Usiku nikanunua uniti, nikampigia Cikuru.
"Mstari gani?" Kelele za baa.
Kimya. Halafu:
"Aaa. Saa ya Kinshasa.
Nilidhani kila mtu anajua."

Nilidhani kila mtu anajua.
Nimeigeuza sentensi hiyo mdomoni wiki nzima.
Ni mimi niliyeisema nilipofuta bila kuuliza.
Ni Nabintu aliyeisema kwa maneno mawili.
Tunaijenga programu, kumbe juu ya hiyo.

Nikaurudisha mstari. Juu yake nikaandika:

*Seva iko Kinshasa, nyuma yetu kwa saa moja.
Ukifuta hapa, watoto wa usiku wa manane
watazaliwa jana.
Gusa ukitaka, lakini kwanza panda Kadutu,
umuulize Nabintu akuonyeshe rajista.
Ansima, niliyefuta.*

Betri ikabaki asilimia nne.
Umeme ulirudi saa nane, ukanikuta nimelala na viatu.

Jumatatu simu ikalia. Nabintu:
*Saa tatu asubuhi nimebonyeza Hifadhi mara moja,
jina limeingia mara mbili, picha ni hii,
kabla ya hapo umeme ulikuwa umekatika.*
Niliusoma ule ujumbe nimesimama,
kama mtu aliyeletewa barua na mchumba.
Kisha nikaketi. Kasoro mpya, kweli,
na mbaya kuliko ya kwanza.