Salio

Kadi zilikuwa nne, na kila moja ilikuwa na msiba wake.
Ya buluu ilinunua tanuri la kupashia nyumba joto
Januari ile mabomba yalipoganda, hapa Duluth,
ziwa limekuwa sakafu na pua inauma kwa kuvuta hewa.
Ya kijani ilikuwa jino la Mama.
Ya fedha, mazishi ya mjomba Arvo:
jeneza, maua, na sahani za nyama baridi
za watu waliokuja kula na kuuliza kama aliacha kitu.
Ya nne, nyekundu, Mama hakuisema.
Nilikuja kuijua baadaye: viatu vyangu vya barafuni,
gongo, kofia ngumu, na ada za timu ya hoki.

Kukopa harusi, kulipa matanga.
Mama alianza kwa matanga, akaendelea kwa matanga;
harusini hakualikwa.

Alikuwa mpishi wa shule, watoto mia tatu kila mchana,
kifundo cha mkono kimevimba kwa upawa.
Mshahara uliingia Ijumaa,
ukakaa benki kama mgeni asiyevua koti.
Jumapili jioni alipangusa meza, akavaa miwani,
akafungua daftari lenye picha ya dubu.
Kadi ya buluu: dola arobaini.
Thelathini na moja zikaliwa na riba.
Tisa ndizo zilizogusa deni lenyewe.
"Tisa si sifuri," alisema,
akaiandika kwa wino, kubwa, kama umri wa mtoto.

Bi. Solveig Tranby wa kanisani alimshauri
aanze na kadi yenye riba kali, hesabu ndivyo isemavyo.
Mama aliitikia kwa kichwa, akaanza na iliyo ndogo.
Mtu anayezama, aliniambia tukirudi,
hachagui ubao.

Oktoba kadi ya kijani ikaisha.
Akaikata kwa mkasi wa kuku,
akacheka, na kwa mara ya kwanza
lile jino likawa lake.

Machi gari likazimika katikati ya mlima,
lori la theluji nyuma yetu likipiga honi.
Dola mia nne na kumi.
Ile nyekundu, tuliyokwisha kuisahau droo gani imelala,
ikatoka tena.
Mama hakulia. Aliandika namba mahali pake,
kisha akaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Kesho yake niliuza viatu, gongo na kofia
kwa kijana wa akina Maki,
nikaweka pesa chini ya daftari,
nikasema hoki imenichosha.
Aliniangalia mpaka nikaona haya.
"Muongo," akasema. "Na uongo wako
una thamani ya dola mia moja na themanini."
Akafungua ukurasa wa wadai.
Chini ya benki zote nne, moja imepigwa mstari,
akaandika jina langu: Eino.

Miaka sita. Soksi zilishonwa juu ya mshono.
Kahawa ilichemshwa mara ya pili, na Jumatano ya tatu.
Siku salio la mwisho lilipofika sifuri
hapakuwa na keki; alilala saa kumi na moja jioni
bila kuvua viatu.
Baada ya wiki benki ikaandika kumpongeza:
mteja mwaminifu kama yeye
anastahili kuongezewa kiwango cha kukopa.
Nyuma ya bahasha akaandika: vitunguu, maziwa, sabuni.

Jumapili iliyofuata akaniita mezani.
Nilikuwa mtu mzima, nina ndevu, nina kazi bandarini.
Akanisukumia pesa. Nikazirudisha.
Akazisukuma tena.
"Dawa ya deni ni kulipa. Hesabu."
Nikahesabu. Mia moja na themanini na tisa.
Nikamuuliza, hizi tisa ni za nini?
"Riba," akasema,
akaenda kusikiliza kama tanuri bado linawaka.