Tak

Saa kumi alfajiri, mwezi wa Julai,
upepo wa Patagonia unakwangua mabati ya Trelew,
nami nimegeuza ufunguo mara saba.
Pijo 504, ya mwaka themanini na moja, rangi ya chai ya maziwa,
inajibu neno moja tu:
tak.

Si kukoroma, si kikohozi cha injini iliyopoa.
Tak, kama mtu anayejifungia ndani akijua uko nje.

Nikaenda kazini kwa miguu.
Tanuri la mkate halipokei samahani.

Mchana akaja Baldomero.
Boneti hakufungua. Alisikiliza akiwa dirishani,
sigara haijafika nusu, akapiga ramli:
"Stata imekufa. Mpya, pamoja na ufundi, laki nne.
Hiyo ni bei ya leo. Ya Ijumaa siijui."

Laki nne.
Mshahara wangu ukisikia tarakimu hiyo hujificha.

Simwiti mwizi. Ana watoto watatu
na rafu nzima ya stata dukani;
anayelala karibu na stata
ataota stata mbovu.

Ng'ambo ya uzio anaishi Nerys Pugh,
mjukuu wa Wawelshi wa bonde la Chubut,
miaka thelathini fundi wa simu,
sasa amebaki na magoti mabovu na mita ya njano.
"Anselmo, kabla hujanunua kitu, kiulize.
Kisha kiulize tena, kwa njia nyingine."

Washa taa za mbele. Geuza ufunguo.
Zinafifia?
Hazikufifia. Ukuta wangu ulibaki mweupe pe.
"Basi betri usiitukane bado."
Mita juu ya vichwa vyake: kumi na mbili nukta sita.
(Nami nilishaanza kukopa kichwani pesa za betri.)

"Sasa ncha nyeusi hapa, kwenye hasi.
Nyekundu pale, chuma tupu cha injini. Geuza."
Hawa wawili, alisema, ni wa tumbo moja;
kati yao mita haipaswi kuona kitu,
labda sifuri na chenga.

Tak.

Sita.

Volti sita zimeachwa njiani,
kama nauli mfukoni mwa suruali nyingine.

Nerys akacheka bila sauti.
Akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya waya wa choki.
Wa moto!
Waya mwembamba, kazi yake kuvuta kibati kidogo tu,
ulikuwa ukibebeshwa mzigo wa stata nzima.
Umeme ukinyimwa mlango hupita dirishani.

Nikalala chini juu ya gunia la unga,
yeye ameshika tochi na mamlaka.
Nyuma ya gia boksi, pale injini inapofungwa na bodi,
utepe wa nyuzi za shaba: kijani kitupu,
nyuzi tatu zimebaki, ndevu za beberu mzee.

Spana namba kumi na tatu. Msasa
mpaka chuma king'ae. Kidole cha grisi.
Utepe mpya, elfu sita, dukani kwa Baldomero.
Hakuuliza wa nini, nami sikusema.
Aliufunga kwa gazeti, akaitazama mikono yangu:
unga kwenye kucha, na juu ya unga, kutu.

Geuza.

Ikakohoa mara moja, ikatema moshi wa bluu,
ikanguruma mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia.

Mwaka juzi nililipia alteneta,
kwa fundi mwingine, kwa ugonjwa huu huu, nadhani.
Sitaki kulifikiria sana.

Stata ile ya kale inazunguka bado.
Siku moja itakufa kweli,
na Baldomero nitamhesabia laki zake bila kinyongo,
maana nitakuwa nimeuliza.

Honi haifanyi kazi.
Hiyo tumeiwekea Jumamosi.